Kunde Zilizokataa Kuota

Paukwa!

Pakawa!

Mbona mnaitika kama mnaotafuna? Sogezeni miguu, moto ni wetu sote. Paukwa!

Pakawaaa!

Haya. Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa bado wanatujibu tukiwasemesha, palikuwa na nchi iliyopenda sana kunde, na ikapenda zaidi kuonekana ina akili. Mbegu za nchi nzima ziliwekwa mahali pamoja, kwenye dari ya jiko la Jumbe, ili moshi uzipate na wadudu wasizitoboe. Na kila mwaka, mvua zikikaribia, palikuwa na Maonyesho ya Watoto. Kila mtoto alipewa kunde tatu za mbegu akaziotesha, na siku ya saba akapeleka mche wake barazani mbele ya Tausi, hakimu. Wazee walipiga makofi, watoto wakala halua, miche ikatupwa jaani, na maswali yakafungwa hadi mwaka mwingine.

Mwaka huo Jumbe aliamua kuwakodolesha wageni macho. Kabla ya maonyesho kufunguliwa, jiko lake lilipika siku tatu, usiku na mchana: pilau, mbuzi mzima mzima, mikate ya kumimina. Wageni walipokwisha kushiba, mbegu zikateremshwa darini. Watoto wakapewa tatu tatu, na kila nyumba ikapewa kibaba chake cha kupanda.

Mwatime, binti wa Bi Rehani, alifukia zake kwenye kifuu cha nazi. Siku ya saba kifuu kilikuwa na udongo, basi. Wenzake wote walikuja na miche ya kijani. Mche wa Badi, mtoto wa msimamizi wa jiko, ulikuwa umeshaanza kutambaa.

"Na wewe umetuletea nini?" Tausi akauliza, mkia ameutandaza. "Udongo?"

"Udongo na kunde tatu zilizokataa kuota, Bwana Hakimu. Sijui kwa nini."

Baraza likacheka mpaka mbuzi wa nje wakacheka nao, bila kujua wanacheka nini.

Njiani mama yake alisema, "Ungeniambia mapema, ningekutafutia mche. Kila mzazi..." Akakohoa, akaharakisha mwendo.

Mwatime hakulia. Alikuwa na jambo kichwani. Labda maji yalizidi? Akachukua kunde tatu za kibaba, akazinyunyizia kidogo. Hazikuota.

"Maonyesho yamekwisha, mwanangu!" mama akasema.

Labda udongo? Akachota wa bondeni, mweusi, akafukia tatu nyingine. Hazikuota.

"Maonyesho yamekwisha! Unajaribu ili nani akupigie makofi?"

Labda basi ni kunde zenyewe? Akaenda kwenye kikapu cha mboga, akaokota tatu za kupika, zilizotobolewa na wadudu. Siku ya tatu zikatoa shingo. Zote.

"Maonyesho ya..." mama akaanza, akaona kifuu, akakaa kwenye kinu.

Kuku Kishingo alikuwa akiparua hapo mlangoni. "Mnashangaa nini?" akasema. "Mimi yai likishapita motoni sililalii. Ningekaa mpaka manyoya ya shingo yarudi."

Mwatime akamtazama kuku, akatazama kibaba. Siku tatu za moto, na mbegu juu yake. Na keshokutwa nchi nzima itapanda, watu watapika kunde zao zote za vikapuni wakitumainia mavuno, na mvua ya nchi ile ni moja tu kwa mwaka.

Siku ya kupanda ilipofika, Jumbe akatoka na jembe lake la heshima. Mwatime akamfuata, amebeba vifuu vitatu mikononi.

"Shikamoo, Jumbe. Naomba watu wasipande. Mbegu zimeiva."

"Marahaba. Zimeiva ni vizuri, binti."

"Zimeiva kwa kupikwa, Jumbe. Hizi za dari hazikuota. Hizi nazo hazikuota. Hizi za kikapu cha mama zimeota."

Tausi akacheka. "Na miche ya wenzako je? Iliota kwa dua?"

Mwatime akawaza. Mbegu zilikuwa za dari moja, na miche aliiona kwa macho yake. Akamgeukia Badi. "Badi, sikuchongei. Nataka kujua tu. Zako ulizifanyaje?"

Badi akamtazama mama yake, mama yake akatazama mawingu.

"Zangu bado ziko mfukoni," Badi akasema taratibu. "Mche mama aliung'oa bondeni."

"We Badi!"

"Na wangu," akasema mwingine. "Na wangu baba aliuleta," akasema wa tatu. Ikawa kama mbuzi wakiruka ua: akishapita mmoja, hakuna wa kuwazuia. Wazazi wakawa wanakagua vidole vya miguu yao.

"Kwa hiyo," Jumbe akasema, "katika nchi nzima hakuna aliyeotesha hata moja? Na nilipiga makofi?"

"Ulipiga sana," akasema Kuku Kishingo.

Siku ile kila nyumba ilileta kikapu chake cha mboga. Wakapanda kunde zenye matundu, na kwa mwezi mzima wakala mihogo mitupu, wakinung'unika. Lakini kunde ziliota.

Jioni moja Jumbe alimkuta Mwatime ukingoni mwa shamba, akatoa halua, akakohoa kikubwa. "Hebu niambie. Moto kiasi gani huua mbegu? Wa siku moja? Wa mbili?"

Mwatime akafikiri. "Sijui, Jumbe."

Jumbe akatazama nyuma kama kuna mtu. Hakukuwa na mtu. Akakunja kanzu yake nyeupe, akachuchumaa kwenye matope.

"Mimi pia sijui," akasema. "Tunaanzia wapi?"

Ngano yangu imeishia hapo. Aliyebaki na swali asilale nalo. Asubuhi aniamshe nalo.