Nani Atamlilia Nakunda

Kale, wajukuu, kale ya kale, milima hii ilipokuwa bado haina majina, palikuwa na kijiji, na kijijini palikuwa na mwanamke. Pukuchueni mahindi, mikono ifanye kazi. Masikio nipeni mimi.

Mwanamke huyo aliitwa Nakunda. Alikuja angali mtoto, mwaka wa njaa, na hakuna aliyejua kwao. Siku hizo maiti asiyeliliwa hakuzikwa kijijini. Alipelekwa porini, akaachwa. Basi wazee wakampa Nakunda kazi, na kazi ikawa sheria: asiye na mtu wa kumlilia, Nakunda amlilie, mwenye mtu wa kumlilia, Nakunda asimlilie.

Akalia. Akamlilia mpita njia, akamlilia mwenye ukoma, akamlilia mtumwa aliyetoroka. Akalia miaka, na miaka, na miaka. Na watu wakamwogopa. Akipita, akina mama waliwaita watoto ndani. Akifika kisimani, wenzake walijitwisha mitungi isiyojaa, wakaondoka. Mnaona, wajukuu? Alikuwa mtu wa wasio na mtu, naye mwenyewe hakuwa na mtu.

Alipozeeka, kifua kikambana. Akajikongoja hadi kwa Jumbe Kiangi, mkuu wa kijiji.

"Jumbe, nikifa atanililia nani?"

"Wasio na mtu unawalilia wewe. Basi jililie kabla hujafa."

"Nikijililia, nina mtu wa kunililia. Na mwenye mtu, sheria inanikataza kumlilia."

"Basi usijililie."

"Nisipojililia, sina mtu. Na asiye na mtu, sheria inaniamuru nimlilie."

Jumbe akawaita wazee. Siku ya kwanza wakasema ajililie. Siku ya pili wakasema asijililie. Siku ya tatu wakafokeana, kila mmoja akisema kweli. Nakunda alikuwa pembeni, juani, akikohoa. Hakuna aliyemletea hata maji.

Ndipo akaja Naetwe, mfinyanzi, mama wa watoto watano. Hakwenda kwa wazee. Alikwenda kwa Nakunda na kibuyu cha uji. Akanywa yeye, akampa Nakunda, akapokea, akanywa tena.

"Mama," akasema, "hata mimi nilikuwa nikiwaita wanangu ndani ulipopita. Nisamehe."

Tangu utotoni Nakunda hakuwahi kunywa chombo kimoja na mtu. Akakishika kibuyu kwa mikono miwili, akanywa.

Jumbe akauliza, "Naetwe, fundo hili limetushinda sisi. Wewe utalifungua kwa uji?"

"Silifungui, Jumbe. Siku tatu mnatafuta jibu ndani ya maneno, na ndani ya maneno halimo. Huyu akifa, nitamlilia mimi. Sasa ana mtu."

Wazee wakatazamana, wakainuka mmoja mmoja, wakaenda makwao.

Nakunda aliishi masika mawili tu baada ya hapo. Nisiwadanganye, wajukuu: wengine hawakumzoea, ni Naetwe peke yake aliyekuwa akibisha hodi kwake. Na alipokufa, ililia sauti moja, tangu asubuhi hadi jua likatua, huku kijiji kizima kimekaa milangoni kikisikiliza. Wakamzika kijijini. Sauti moja ilitosha.

Yapo maneno yanayojifunga yenyewe: ukisema ndiyo yanageuka siyo, ukisema siyo yanageuka ndiyo. Mkikutana nayo msigombane. Mtafuteni aliyefungwa humo ndani, mtoeni yeye kwanza.

Mzigo wangu nimeutua. Mwenye kichwa na ajitwishe.