Ndama Aliyehamishwa Siku ya Kuachishwa

Paukwa!
Pakawa!
Itikieni kwa nguvu, maana hadithi ya leo haina kicheko.

Hapo zamani za kale, katika kijiji cha wafugaji, paliishi bibi mmoja, jina lake Kalunde. Kazi yake kulea ndama. Ndama akiachishwa kunyonya, Bibi Kalunde hakumtoa kibandani. Alimwacha palepale, kwenye nyasi kavu, pamoja na mwenzake wa kimo chake. Akilia, alie. Akinyamaza, akila majani vizuri, ndipo alipomhamishia zizi la wakubwa, yeye na mwenzake.

"Mbona unawadekeza?" watu walimuuliza.

"Leo kanyimwa ziwa la mama," alijibu. "Nyumba nitamnyima siku nyingine."

Mwanawe, Ngasa, alikuwa na haraka. Ugonjwa ulimmalizia ng'ombe, akabaki na mmoja mzee na ndama wake jike. Maziwa ya kesho ya nyumba ile yalimtegemea ndama huyo. Siku aliyomwachisha, siku hiyohiyo akamswaga hadi zizi la ng'ombe wakubwa wa majirani.

"Mwanangu, subiri," mama akasema.

"Mama, ndama si mtu."

Ndama akalia, mbooo, mbooo. Akisogelea majani, wakubwa wakamsukuma, pu! Akisogea tena, pu! Akalala kwenye tope. Akakohoa, kho, kho. Akanyamaza. Ngasa alipokwenda kumtazama, alimkuta amekufa. Mama yake hakumlaumu. Alimsaidia kumfukia, basi.

Miaka ikapita. Bibi Kalunde akafa. Halafu mke wa Ngasa naye akafa, akaacha binti mdogo, Minza. Watu walipotoka makaburini tu, shangazi zake wakamfungia nguo.

"Tunaondoka naye leo," wakasema. "Nyumba ya msiba haimfai mtoto."

Minza akashika nguzo ya mlango, akalia. Ngasa aliisikia sauti ile, akamkumbuka ndama, moyo ukamuuma. Akasimama mlangoni.

"Dada zangu, leo kanyimwa mama. Nyumba msimnyime leo."

"Atalia sana, Ngasa."

"Alie. Alie kwenye mkeka wake, na mmoja wa binti zenu alale naye. Akinyamaza, akila, mtawachukua wote wawili."

Shangazi wakatazamana. Wakaufungua mzigo.

Minza akalia, akalia, mpaka siku moja akaomba uji. Ndipo Ngasa akatoka nje kumlilia mama yake, Bibi Kalunde, ambaye hakumlaumu siku ile ya ndama.

Wanangu, kila kiumbe hubeba huzuni yake. Msimtwike mbili kwa siku moja.

Hadithi yangu imeishia hapo. Mwenye ndama zizini akamwangalie.