Iduna Mmoja, Watu Watatu

Sogeeni karibu, maana mwisho wa habari hii kazi itakuwa yenu.

Mwalimu Mbonea alifundisha kwaya mjini Lushoto. Kwaya hiyo ilikuwa na watu watatu ambao hakuna aliyewafikia, kila mmoja kwa jambo lake. Eliwaza alijua kugeuka mtu mwingine. Akiigiza ajuza, watu walimpisha kiti. Namsifu alisoma noti za muziki kama wengine wasomavyo gazeti. Wimbo ambao hajawahi kuusikia aliuimba papo hapo. Stefano, mpiga tarumbeta, alikuwa na sikio lisilosahau. Alichokipiga leo, mwakani angekirudia bila kukosea.

Mwaka huo waliamua kuonyesha opera ya Kijerumani, yaani mchezo unaoimbwa toka mwanzo hadi mwisho. Ulihusu miungu wa kale wa nchi za kaskazini, ambao ujana wao ulitegemea matufaa ya binti mmoja, Iduna. Jitu linajigeuza tai na kumteka Iduna, miungu wanazeeka. Anapookolewa, tai anamfukuzia, nao wanawasha moto ukutani kumuunguza mabawa. Kisha Iduna anagawa matufaa huku akiimba, na wazee wanarudi kuwa vijana.

Bibi Ulrike, mgeni kutoka chuo cha muziki huko Ujerumani, aliahidi nafasi moja ya masomo. Ingekuwa ya atakayekuwa Iduna.

Eliwaza na Namsifu waliigombea sehemu hiyo. Mbonea akamchagua Eliwaza. Namsifu alipangwa nyuma, na tangu siku hiyo shikamoo yake kwa Mwalimu ikawa fupi. Kwa kuwa kwaya haikuwa na piano, Stefano ndiye aliyempigia Eliwaza nyimbo zote za Iduna kwa tarumbeta, jioni baada ya jioni, hadi akazishika.

Siku ya onyesho Eliwaza alifika amejifunga kanga shingoni. Alifungua kinywa, ikatoka pumzi tupu.

"Baridi hii! Umekunywa tangawizi?" Mbonea aliuliza.

Aliitikia kwa kichwa. Ukumbi ulishajaa. Mbonea akamwendea Namsifu.

"Mwanangu, shika nafasi yake."

"Hatua za jukwaani sizijui, Mwalimu. Ulinipanga nyuma, umesahau?" Akanyoosha mkono. "Haya, lete noti. Nitaimba nyuma ya pazia, yeye atembee."

Eliwaza alisikia. Kusimama mbele ya mji mzima na kinywa kitupu! Mbonea alidhani atarudi nyumbani. Badala yake alifungua kanga, akaiweka kitini, akaenda kuvaa.

Mbonea aliwatangazia watazamaji ukweli, kisha akainua mkono. Namsifu aliimba sehemu asiyowahi kuifanyia mazoezi, na hakukosea. Eliwaza, asiyemwona, alivuta pumzi kila Namsifu alipovuta. Baada ya muda hakuna aliyekumbuka kwamba walikuwa wawili.

Ikafika zamu ya moto. Mabua ya mahindi yaliyowekwa nje ya ukumbi yalikuwa yamenyeshewa. Badala ya kuwaka yalifuka, na moshi ukaingia dirishani moja kwa moja hadi nyuma ya pazia. Namsifu akaanza kukohoa. Wimbo wa mwisho ulipofika, akashindwa.

Miungu walisubiri wameinamia fimbo zao. Eliwaza alisimama na tufaa mkononi, kinywa wazi, hakukifunga. Mkono wa Mbonea ulikuwa hewani. Pale tarumbeta hazikutakiwa kulia. Mwalimu alishaapa kumfukuza yeyote atakayepiga.

Stefano, karibu na mlango ambako hakukuwa na moshi, aliinua tarumbeta yake akaupiga wimbo wa Iduna. Eliwaza akageuka, akagawa matufaa kwa kuufuata, na migongo ikanyooka mmoja baada ya mwingine.

Bibi Ulrike alisimama kupiga makofi kabla ya wengine.

Nje, gari lake likiwa linaunguruma, alimwambia Mbonea, "Nimeona yote. Lakini nafasi ni moja, na kwaya ni yako. Nani alikuwa Iduna?"

Wale watatu walikuwa wamewafuata.

"Bila mimi angekuwa bubu toka pazia la kwanza," Namsifu alisema.

Eliwaza alinong'ona, Mbonea akalazimika kuinama. "Bila mimi ungekuwa redio. Watu walimtazama nani?"

"Nyote mlikwama," Stefano alisema. "Wimbo unaorudisha ujana ulitoka wapi?"

"Makubwa! Iduna mwenye masharubu!" Namsifu alicheka, akakohoa.

"Yananyoleka, dada."

Hakucheka mtu tena. Stefano hakuwa akitania.

Dereva akapiga honi. Mbonea alijua kwamba jina lolote atakalolitaja, wawili watakaobaki angekutana nao mazoezini kila jioni. Akashika mlango wa gari.

"Iduna wangu," alianza, na wote watatu wakamkazia macho.

Mimi naishia hapo. Msiniambie waende wote. Nafasi ni moja, na gari linaondoka. Wewe uliyekaa hapo, ungekuwa ndiye umeushika huo mlango, ungemtaja nani?