Bi Sange, Kiboko na Saa Iliyobebwa

Paukwa!

— Pakawa!

Aa-aa. Hiyo ni pakawa ya watu waliokula wakashiba. Hadithi hii ni ya kiu. Kausheni koo kwanza. Paukwa!

— Pakawa!

Mpira ukadunda, du! du! du!

— Ukaenda wapi?

Ukapaa, ukazunguka pete, ukakataa kuingia, ukakataa kutoka, na mpaka leo watu wanagombana. Kaeni vizuri. Wewe wa mbele, toa goti mgongoni mwa mwenzako, hiyo ni faulo.

Hapo kale, kale ile ambayo refa alikuwa hajazaliwa na tayari anatukanwa, palikuwa na bwawa Kitopeni. Kiangazi kikiingia, mito yote hukauka, likabaki bwawa hilo hilo. Basi wanyama wakawa na desturi yao: kila mwaka hucheza fainali ya mpira wa kikapu. Na kikapu ni kikapu kweli, cha ukindu, kimetobolewa tako, kimefungwa juu ya mti wa mkoche. Timu ya wakubwa inaitwa Vifua. Timu ya wadogo inaitwa Visigino. Timu ikishinda, hunywa kwanza kiangazi chote. Ikishindwa, hunywa baadaye.

Miaka yote hakuna aliyekufa kwa desturi hiyo. Aliyeshinda alikunywa, akajipangusa mdomo, akampisha mwenzake. Lakini mwaka huo nahodha wa Vifua alikuwa Kiboko, na Kiboko alishatangaza mapema: "Nikinywa kwanza, nakunywa mpaka vyura waulizane jana waliogelea wapi. Kisha nalala humo humo."

Katika mashabiki wa Visigino alikuwepo Bi Sange. Mnamjua sange? Panya mdogo, pua ndefu, inachezacheza haitulii, utadhani tembo aliyefuliwa kwa maji moto akanywea. Bi Sange hakuwahi kugusa mpira maishani mwake. Lakini nyumbani alikuwa na watoto wawili, na ndimi zao zilikuwa kavu kama unga. Ndiyo maana siku hiyo alishangilia mpaka sauti yake ikabaki kama bawaba isiyotiwa mafuta.

Sasa, saa ya mchezo ilikuwa Kobe. Robo ikianza, Kobe anatoka mstari huu. Akifika mstari ule, robo imekwisha. Hakimbii, hachelewi, hapokei rushwa, maana mpaka umfikishie mkononi, ameshageuka kuangalia kwingine.

Robo ya kwanza, wakatoshana nguvu. Robo ya pili, wakatoshana. Robo ya tatu, nguo zikalowa jasho. Robo ya nne, Visigino arobaini na moja, Vifua arobaini. Na Kobe amebakiza hatua moja! Ameshanyanyua mguu!

"Shusha, babu!" Bi Sange akalia. "Shusha mguu, twende tukanywe!"

Mara Korongo, aliyekuwa refa, akafumba macho akapiga chafya. Chyaa! Chafya moja ikaita nyingine, na katika chafya hizo Kiboko akamkimbilia Kobe. Akamnyanyua kwa pua. Akamrudisha nyuma hatua kumi. Akamweka chini, akampangusa vumbi mgongoni, akamwambia, "Shikamoo, babu."

Hatua kumi za Kobe, jamani! Hapo unakwenda kuoa na kurudi.

Kiboko akachukua mpira. Du! du! du! Akarusha, pwaa! Nje. Akachukua tena. Du! du! du! Akarusha, pwaa! Nje. Akachukua tena. Du! du! du! Akarusha, mpira ukakaa juu ya pete. Zungu... zungu... zungu... Bi Sange akazuia pumzi. Zungu... zungu...

Chwaa! Ndani.

Korongo akafumbua macho, akaona kikapu kinatikisika. Priii! Vifua arobaini na mbili, Visigino arobaini na moja.

Hapo ndipo mdomo ulipoanza kufanya kazi. Uwanja mzima ukageuka baraza.

"Ameibeba saa!" wakapiga kelele Visigino. "Tumemwona kwa macho!"

"Ameibeba wapi?" akajibu Fisi, mkuu wa mashabiki wa Vifua, kofia upande, filimbi shingoni. "Kijana amemsalimia mzee. Kanuni ya ngapi inakataza kijana kumsalimia mzee?"

"Salamu gani ya kumbeba mtu hatua kumi?"

"Ndiyo heshima yenyewe! Kwani nyinyi kwenu wazee hawabebwi?"

"Wanabebwa wakifa!"

"Basi yeye kabebwa mzima, ana bahati. Tena naapa kwa mama yangu, Kiboko hakumgusa huyo mzee hata kwa ukucha."

"Sasa kamsalimia au hakumgusa?"

"Vyote viwili!" akasema Fisi.

Wakasema aulizwe Kobe mwenyewe. Kobe akatoa kichwa nje. Kobe akafungua mdomo akaanza, "Mi..."

Wakangoja. Wakangoja. Kunguru akaondoka, akataga, akarudi.

"Mi..." akasema Kobe.

Korongo akachoka kusimama kwa mguu mmoja, akahamia mwingine. "Refa huamua alichokiona," akasema. "Mimi nimeona kikapu. Kesho asubuhi Kiboko anakunywa kwanza. Nanyi Visigino kubalini kushindwa. Huo ndio uungwana."

"Uungwana?" Bi Sange akapepesa pua huku na huku, kama anayemtafuta mtu. "Mbona simwoni? Asubuhi si alikuwepo hapa hapa?"

Watu wakacheka. Yeye hakucheka. Alirudi nyumbani, watoto wakamuuliza, "Mama, tumeshinda?" Akawapa jani la jana walambe umande, akasema, "Bado tunahesabu."

Sasa nisikilizeni, hapa msikohoe. Sange na Kiboko ni watani wa tangu enzi, kwa sababu babu wa huyu alimzika babu wa yule, kazi aliyoifanya kwa siku sabini na kijiko. Na mtani mnamjua. Atakuvua kofia kichwani, umwache. Atachota chunguni kwako bila hodi, umwache. Msibani ndiye anayetandika mkeka, ndiye anayemtekea mfiwa maji, ndiye anayeanua tanga, msiba ukaisha. Na anayemkasirikia mtani wake msibani, huongezewa siku arobaini za kukaa mkekani. Hiyo ndiyo sheria, na kwa sheria hiyo hata Simba hunyenyekea.

Kulipopambazuka, Kiboko akateremka bwawani, kibwi, kibwi, kibwi. Wadogo wote wamejipanga ukingoni, wanaangalia maji kama mtu anavyomwangalia ndugu anayesafiri. Kiboko akanyanyua mguu autie majini. Mara:

"Uwiii! Uwiii! Kafa, jamani, kafa!"

Bi Sange huyo, kajifunga kitambaa kichwani, mkeka kwapani, pua imelowa machozi.

"Nani kafa?" akauliza Kiboko.

"Bwana Uungwana, mtani wangu! Robo ya kwanza yupo. Robo ya pili yupo. Robo ya tatu yupo, ananipungia mkono. Robo ya nne, hayupo! Uwiii!"

Kiboko akacheka mpaka mashavu yakapigana. "Pole, mtani. Mimi hainihusu. Ngoja ninywe."

"Kunywa, mtani wangu, kunywa. Mimi namtafuta tu mfiwa mkuu nimkabidhi rambirambi."

Mguu wa Kiboko ukaganda hewani.

"Rambirambi gani?"

"Matikiti."

"Mangapi?"

"Arobaini. Yapo pale nyuma ya kichaka. Makubwa, yamepasuka yenyewe kwa utamu."

Tumbo la Kiboko likasema ng'urrr. Ng'urrr hiyo ilisikika ng'ambo.

"Na mfiwa mkuu ni nani?"

"Ni yule aliyekuwa na marehemu dakika ya mwisho. Yule aliyemgusa akakata roho."

"Mimi!" akasema Kiboko.

"Wewe? Hata, mtani." Bi Sange akafuta machozi. "Jana Fisi kaapa kwa mama yake kwamba hukugusa kitu hata kwa ukucha. Nitamtafuta mwingine."

"Fisi mwongo!" Kiboko akautoa mguu, akapanda ukingoni. "Nani kama si mimi? Nilimbeba Kobe kwa pua hii! Hatua kumi, nilizihesabu! Uungwana ulikufa mikononi mwangu, na yeyote anayebisha ajitokeze!"

"Alaa, na mimi je?" Fisi akajipenyeza, mate yanamtoka. "Usijifanye umefanya peke yako, Kiboko. Nani aliyempulizia Korongo ugoro puani apige chafya? Mimi! Nipeni matikiti yangu kumi!"

"Kumi ya nini? Kupuliza ugoro ni kazi?"

"Bila ugoro ungembeba nani?"

Korongo, aliyekuwa amesimama pembeni, shingo ikaanza kurefuka. Ikarefuka. Ikarefuka.

"Wafiwa wameonekana, sifa ni za Mungu," akasema Bi Sange, akatandika mkeka. "Karibuni mkae. Mfiwa mkuu hapa, mdogo wake hapa."

Wakakaa. Matikiti yakaja yakiviringishwa. Kiboko akala moja, kwacha! Akala la pili, kwacha! Akafikisha thelathini, Fisi akala kumi, na wote wawili wakasema hawajawahi kuona msiba mtamu namna hii. Kisha Kiboko akainuka ateremshie na maji.

"Aa-aa! Wapi tena, mtani?"

"Kunywa."

"Mfiwa hagusi maji mpaka tanga lianuliwe."

Kiboko akakumbuka. Uso ukamshuka. "Na tanga anaanua nani?"

"Mtani."

"Mtani ni nani?"

"Ni mie."

"Anua basi!"

"Mapema yote hii? Marehemu alikuwa mtu wa watu."

"Kama mimi mshindi sijanywa, nani atakunywa?"

"Usiwe na wasiwasi, mtani wangu. Mtani humtekea mfiwa. Mtani humlilia mfiwa. Kunywa nako atamnywea." Akawageukia Visigino. "Jamani, njooni tumnywee mfiwa!"

Wakateremka wadogo wote. Gudu, gudu, gudu! "Tunakunywea, Kiboko! Pole sana!" Gudu, gudu! "Mungu akupe subira!" Watoto wawili wa Bi Sange walikunywa mpaka matumbo yakawa mviringo, mama yao akalazimika kuwaviringisha kuwarudisha kivulini.

Kiboko akafura. Shingo ikavimba, masikio yakazunguka. Kisha akakumbuka siku arobaini za nyongeza, akaimeza hasira yake kama mfupa.

Jua likapanda. Mnaijua ngozi ya kiboko? Haina urafiki na jua. Ikaanza kukauka. Ikaanza kupasuka. Fisi alikuwa ametoroka zamani, ameuacha msiba kwa mwenyewe. Kiboko kabaki peke yake mkekani, mlima mzima, na maji anayaona.

Bi Sange akamtazama. Akatazama watoto wake wanavyokoroma. Akateremka bwawani, akachota tope kwenye jani, akampaka mtani wake mgongoni. Jani moja linafunika mahali padogo kama ukucha. Akarudi, akachota. Akarudi, akachota.

Lilipofika jani la ishirini, Kiboko akasema kwa sauti ndogo, sauti ambayo hakuna aliyejua kwamba anayo, "Mtani. Naungua."

"Najua, mtani wangu."

"Nilitaka tu kushinda mara moja. Miaka yote nakosa kikapu, mnanicheka. Jana mlinicheka mara mbili."

"Tulicheka," akasema Bi Sange. "Mimi mwenyewe nilicheka zaidi." Akampaka tope jingine. Halafu akainamisha pua, akatega sikio mkekani. "Ngoja kwanza. Marehemu huyu... mbona kama anahema?"

"Anahema?"

"Kwa mbali. Ulimbeba Kobe kwenda nyuma. Hebu mbebe kwenda mbele, tuone kama atafumbua macho."

Kiboko akaenda uwanjani. Akamnyanyua Kobe kwa pua, polepole kama yai, akampeleka mpaka pale pale alipomtoa jana, hatua moja kutoka mstarini. Akarudi nyuma, akasimama juani, akangoja. Mashabiki wote wakaja, Vifua na Visigino. Hakuna aliyezomea.

Kobe akatoa kichwa. Akafungua mdomo.

"Mi..." akasema. "Mi... mi nilibebwa."

Vicheko! Tangu jana alikuwa bado anatoa ushahidi! Hata Kiboko alicheka, na ngozi ikamuuma, na bado akacheka.

Kisha Kobe akanyanyua mguu. Jua likasogea. Kobe akashusha mguu. Tap.

Priii! Korongo akanyoosha mabawa yote mawili. "Saa imefika! Visigino arobaini na moja, Vifua arobaini! Sikuona," akasema, "lakini leo asubuhi nimesikia."

Kiboko akamwendea Bi Sange, akainamisha kichwa mpaka chini, maana huko ndiko alikokuwa. "Mmeshinda, mtani."

Bi Sange akakunja mkeka. Tanga likaanuliwa. Na kwa kuwa washindi walishakunywa, Kiboko akateremka wa mwisho: chubwiii! Maji yakaruka mpaka ukingoni, yakawalowesha wote. Na aliponyanyua kichwa akaona ajabu. Kanywa kashiba, na maji bado yapo.

Akaelea pale macho nje, ameridhika. Halafu akakumbuka jambo.

"Mtani, matikiti yale yalikuwa matamu. Shamba la matikiti huku ninalo mimi tu. Wewe uliyatoa wapi?"

Bi Sange alikuwa ameshafika mbali.

Basi, mnataka funzo? Haya, chukueni. Hadithi hii inatufundisha kwamba hila haina nafasi michezoni, na mali ya mwenzio usiiguse. Bi Sange mwenyewe huwaambia hivyo wanawe kila asubuhi, wakiwa wamekaa kivulini, juu ya maganda ya matikiti.

Nami hadithi yangu imefika mstarini. Ikiwa tamu, nyweni. Ikiwa chungu, mpeni Kobe aianze upya, na asiwepo wa kumbeba.