Pipa la Mwisho la Nungunungu

Hapo zamani za kale, enzi ambazo wanyama walikuwa bado wanazikana na kuliliana, aliishi Nungunungu, mpika pombe. Sogeeni karibu, watoto. Na anayetafuna muwa autue chini, hadithi hii sitaki ipigiwe kelele. Ina kilio ndani yake.

Wanyama wengine walipika pombe leo wakainywa keshokutwa. Nungunungu hapana! Alipika ya mtama na asali, akaimimina kwenye pipa alilolichonga mwenyewe kwa gogo la mninga, akaziba mdomo wa pipa kwa nta, kisha akaliacha pembeni mwa jiko misimu mitatu ya mvua. Ikifunguliwa hapo, we! Kikombe kimoja tu, na Kobe anaomba apigiwe ngoma acheze.

Basi Nungunungu akaugua homa. Siku nne alitetemeka, ya tano akatulia kabisa. Akamwacha mama yake mzee, Bi Nungunungu, na pipa moja ambalo lilikuwa bado halijafunguliwa.

Bi Nungunungu hakulia. Hata chozi moja! Alikaa jamvini macho makavu, uji unaletwa, unapoa, unaondolewa. Akakonda mpaka miiba yake ikaanza kumdondoka, tii, tii, juu ya jamvi. Kila aliyembembeleza alijibiwa neno lilelile: "Sitainuka hapa mpaka nionje pipa la mwanangu."

Majirani wakanong'onezana, "Asipoonja huyu, tutachimba kaburi la pili."

Najua mnachotaka kuuliza. Kwa nini asichotewe tu, akaonja? Kwa sababu ya mila, jamani! Pipa la matanga, au la harusi, halikufunguliwa ovyo. Kulikuwa na waonjaji watatu, Mzee Kifaru, Mzee Kiboko na Mzee Nyati, kila mmoja na kibuyu chake shingoni. Hao ndio walioonja kwanza. Mpaka wote watatu watamke, "Imeiva," hakuna mwingine aliyeruhusiwa kugusa. Na wakishatamka, wanaweka vibuyu chini, wanangoja wenye shughuli wanywe kwanza.

Mila nzuri, mkononi mwa walafi! Wale wazee walijua kwamba wakisema "Imeiva" zamu yao imekwisha. Kwa hiyo hawakusema. Kwenye harusi ya Digidigi walionja, gu gu gu, wakapangusa midomo, wakasema, "Bado kidogo. Tuonje tena." Wakaonja tena. "Aa, kama inakaribia." Wakaonja mpaka pipa likalia koo, koo, tupu! Maharusi wakapongezwa kwa maji ya mto.

Sasa marehemu alikuwa na rafiki, Pimbi. Mdogo huyu, mkia hana, lakini maneno anayo ya kuuza. Akamwendea mama mtu, akachuchumaa kando ya jamvi.

"Mama, nikuchotee kidogo kwa siri? Nani atajua?"

"Mwanangu hakuiba maishani mwake," akasema Bi Nungunungu. "Nami sitamnywa kwa wizi."

Pimbi akatoka nje, akakaa juu ya jiwe, akafikiri mpaka masikio yakamuuma. Kisha akaingia jikoni kwa marehemu. Pale palikuwa na pipa jingine la mninga, kuukuu, lililokwisha kunywewa zamani. Akalijaza maji ya kisima, ndoo baada ya ndoo. Maji yakalala humo siku tatu, yakapata rangi ya mti na harufu ya zamani kwa mbali. Akaliziba kwa nta. Lile pipa lenyewe akalifunika kwa pumba za mtama.

Siku ya kuanua matanga ikafika. Wanyama wakajaa uani. Wazee watatu wakaja wakitikisa ardhi, di! di! di!

"Shikamooni, wazee wangu," akasema Pimbi, kichwa chini.

"Marahaba. Liko wapi pipa?" akauliza Kiboko. Hata pole hakutoa!

"Hili hapa. Ila wazee wangu, naona hata haya kuwaambia. Marehemu aliacha neno. Alisema hii ndiyo pombe yake iliyoiva kuliko zote, mpaka ukali wake umejificha ndani. Mwonjaji mwenye ulimi hai ataupata. Mwonjaji aliyekufa ulimi, ataona maji matupu."

Nyati akakunja uso. "Na huyo wa ulimi mfu anafanywaje?"

"Mila mnaijua ninyi, wazee. Si huvuliwa kibuyu?"

Kila mzee akashika kibuyu chake.

Nta ikabanduliwa, pwa! Kifaru akaonja kwanza. Akayazungusha mdomoni, akameza. Maji! Akawatazama wenzake kwa jicho la pembeni.

"Mmh," akasema. "Naupata moshi. Halafu nta. Halafu, nyuma kabisa, asali ya porini."

Kiboko akaonja. Maji! Akajikohoza kwa nguvu, oho! oho! "Kali hii! Imenishika kooni! Na kuna ukwaju, hamuusikii ukwaju?"

"Ukwaju nausikia sana," akasema Nyati, naye hajatia hata tone mdomoni. Akaonja, akapepesuka makusudi, akaegemea ukuta. "Jamani, nishikeni!"

"Tuonje tena, wazee?" akauliza Pimbi kwa upole.

"La, la!" wakajibu wote. Nani angetaka kikombe cha pili cha maji? "Imeiva!" akasema Kifaru. "Imeiva!" akasema Kiboko. "Imeiva mno!" akasema Nyati. Wakaweka vibuyu chini.

Ua wote ukashusha pumzi. Lakini kabla Pimbi hajafanya lolote, Bi Nungunungu akanyoosha mkono kutoka jamvini. Alikuwa amelisikia neno alilolingojea. Mjukuu wa jirani akamletea kikombe kutoka pipa lile lile.

"Mama, subiri!" Pimbi akaruka.

Bi Nungunungu alikuwa amekwisha kuonja. Akakiweka kikombe chini.

"Haya ni maji," akasema polepole. "Mwanangu hayumo humu. Yuko wapi mwanangu?"

Lo! Kiboko akafura. "Umetudanganya, mwanaharamu wewe! Hukumu tumeifuta! Tuletewe pipa la kweli, tuonje upya!"

"Mzee wangu, usinipigie kelele msibani," akasema Pimbi. "Chagua moja. Kama ni pombe, mmeshahukumu, na neno la mwonjaji likitoka halimezwi. Kama ni maji, basi ule ukwaju uliutoa wapi?"

Wanyama wakacheka, kwa mara ya kwanza tangu maziko. Wazee wale wakarudi nyuma, wakaketi mwisho kabisa, karibu na banda la kuku.

Pimbi akafukua pumba, akalibiringisha pipa la kweli mpaka jamvini, guru guru guru. Nta ikabanduliwa. Harufu ikapanda, harufu ya jiko la yule yule aliyelala chini ya udongo.

Bi Nungunungu akakishika kikombe kwa mikono miwili. Akanusa. Akaonja tone, akalikalisha ulimini.

"Mtama umeungua kidogo," akasema. "Ilikuwa siku ile ya mvua kubwa. Nilianguka njiani na mtungi, akaacha chungu motoni, akaja mbio kuniinua."

Akaonja tena.

"Asali imezidi. Siku zote aliizidisha. Nilimwambia, mwanangu, asali ni ghali, akasema, mama, wewe unapenda tamu."

Hapo chozi likatoka. La pili likafuata. Akalia yule mama, akalia kwa sauti, oo mwanangu, oo mwanangu, na ua wote ukalia naye. Hata Kifaru kule kwenye kuku alipangusa uso.

Wafiwa wakanywa, kikombe kidogo kidogo. Bi Nungunungu akainuka jamvini. Akaomba uji, akaunywa ungali moto. Jamvi likakunjwa.

Wanyama walipoanza kuaga, akalisogelea pipa, akaligonga kwa kidole. Koo. Koo.

"Pimbi mwanangu."

"Naam, Mama."

"Wewe unaweza kumdanganya kila mtu. Nidanganye na mimi. Niambie limebaki pipa jingine mahali."

Pimbi akafumbua mdomo. Yule aliyewalewesha wazee watatu kwa maji ya kisima! Akautafuta uongo mmoja tu, mdogo, hakuupata. Akaja akamshika mkono.

"Halipo, Mama," akasema. "Hili ndilo lililokuwa la mwisho."

"Najua," akasema Bi Nungunungu. "Nilitaka tu kusikia kama ungeniambia lipo."

Wakakaa wawili pale, na pipa tupu katikati yao.

Haya, watoto, chukueni neno lenu, miwa yenu mnaiona ilipo: anayesema uongo ili aongezewe kikombe, siku moja atayasifia maji.