Mikaratusi ya Chemchemini

Nawaletea mzee mmoja wa kanisa, na msianze kunong'onezana ni wa usharika gani. Ni mzee tu. Kijijini kwake palikuwa na chemchemi iliyonywesha mlima mzima, na ujanani mwake alipanda mikaratusi arobaini kuizunguka, kwa mikono yake, ili iilinde. Mgeni yeyote wa kanisa alipelekwa kuiona. Nawauliza, kupanda miti ni dhambi? Si dhambi. Subirini.

Miaka ikaenda, mikaratusi ikarefuka, maji yakapungua. Watu wakafunga na kuomba mvua. Mvua ikanyesha, chemchemi ikazidi kukauka. Kina mama wakawa wanateremka bondeni mwendo wa saa mbili kwa ndoo moja, na kila mtu alijua kwamba kiangazi kimoja zaidi, mlima huo haukaliki.

Mzee alikuwa na mjukuu, binti wa kidato cha tatu, aliyesoma habari za mazingira shuleni. Mwalimu aliwaagiza kila mmoja apime kitu kimoja cha kijijini kwake kwa muhula mzima. Binti akapima chemchemi. Kila alfajiri na kila mchana alikinga ndoo ileile, akaandika dakika ilizochukua kujaa. Muhula ulipokwisha akamwendea babu yake na daftari, akamwambia ile mikaratusi ndiyo inayomaliza maji. Ikatwe, pale ipandwe mikuyu.

Mzee alicheka kwanza. "Mke wangu," akasema, kama babu wanavyotania wajukuu zao, "nimekupeleka shule ujifunze kutunza miti, umenirudia na shoka?"

"Miti si mibaya, babu. Mahali ndipo pabaya. Alfajiri ndoo inajaa upesi. Jua likiwaka miti inakunywa, ndoo inachelewa."

Hapo mzee alikasirika. Akasema mchana maji ni machache kwa sababu watu wamekwisha kuchota, hata mbuzi analijua hilo. Binti hakubishana naye. Alimwambia tu, "Jumapili hakuna anayechota, wote wako ibadani. Kaa wewe pale na ndoo yako."

Neno hilo lilimkera wiki nzima. Jumapili ikafika, kiti chake cha mbele kikawa kitupu. Watu wakaanza: huyu kagombana na mchungaji, huyu kaenda kwa mganga. Mnavyopenda kusema ninyi! Mzee wa watu alikuwa chemchemini. Saa hana, akapima kwa nyimbo. Alfajiri aliimba beti mbili, ndoo ikafurika. Saa tano, jua kali, hakuna aliyegusa maji tangu asubuhi, akaimba beti zote sita, ndoo nusu. Akajiambia labda hasira imemfanya aimbe mbio. Akaimba tena, polepole kama msibani. Haikujaa.

Akaingia kanisani wakati wa matangazo, suruali imelowa magotini. Akasimama mbele. "Miti ile niliipanda mimi," akasema. "Mwenye shoka aje nalo kesho."

Mzee mwenzake akamuuliza, si ndiyo hiyo sifa yako kijiji kizima?

"Sifa hainyweki," akajibu, akaketi.

Wakaikata yote arobaini, pale wakapanda mikuyu. Miezi saba baadaye, katikati ya kiangazi, mchana wa jua la utosi, ndoo ilijaa kabla mtu hajamaliza ubeti wa pili. Vigelegele vilisikika mpaka ng'ambo ya bonde, na mzee alicheza mpaka kofia ikamwanguka.

Mnapiga makofi? Pigeni, ni haki yao. Lakini sijamaliza. Mkaratusi haufi kwa shoka. Wiki chache tu baada ya kukatwa, visiki vyote vilikuwa vimechipua. Kwa hiyo kila Jumamosi mzee anapanda mlima na panga, anafyeka machipukizi yeye mwenyewe. Hamtumi mtu.

Sasa sisi. Sisemi habari za miti. Wewe kwaya uliianzisha, ulifanya vizuri, sikatai. Lakini umeishikilia miaka ishirini na vijana wameacha kuja, na ukiambiwa unatuhesabia mazoezi uliyofanya juani. Mimi pia ninayo yangu, na mke wangu anaijua. Wema wetu wa jana unakunywa maji ya watoto wetu, na sisi tunawapeleka wageni kuutazama! Leo ukiukata, utachipua. Ufyeke tena.

Na wewe mzazi, mtoto akitoka shuleni akakwambia umekosea, usimjibu kwa umri wako. Umri si jibu. Nenda ukaangalie. Ukikuta amesema kweli, mwambie hivyo, na majirani wasikie. Aibu ya kukiri ni ya siku moja. Maji ni ya vizazi.