Siku Simba Alipowasindikiza Kondoo wa Theluji

Hapo zamani za kale, wanangu, wanyama walipokuwa na milango, madirisha na majirani wa kuchungulia, palikuwa na nchi iitwayo Mito Kumi. Nchi nzuri hiyo! Mvua yake tele, na fenesi lake moja lilishibisha ukoo mzima. Kama hamjafika huko, poleni.

Huko aliishi Pimbi mmoja, mama mjane, jina lake Somoe. Umbo dogo, mkia hana, lakini mdomo alijaliwa. Nyumba yake ilikuwa mwambani, vyumba vitatu vya mawe vyenye upepo mwanana. Kazi yake ilikuwa kuwapokea wageni wanaoingia Mito Kumi kwa mara ya kwanza, akawaambia kipi kinalika na kipi kinauma. Aliipenda nchi yake hata akisifiwa mto, alishukuru kana kwamba kasifiwa mwanawe.

Siku moja wakatokea kondoo wawili kutoka nchi ya theluji, Bwana Guntari na mkewe Bibi Hilda. Masikini! Manyoya mpaka machoni, na jua lilikuwa utosini.

"Hah! Hah! Hah!" Bwana Guntari alihema. "Kwenu huku watu hupikwa wakiwa hai?"

"Karibuni, karibuni!" Somoe akawapeleka kivulini. "Saa hizi hatembei mtu ila mwenye wazimu. Matembezi ni asubuhi na jioni. Kunyweni dafu kwanza."

Gu, gu, gu! Wakanywa, macho yakarudi mahali pake.

"Sasa nisikilizeni," akasema Somoe. "Mkifika kwa mtu pigeni hodi, msiingie mpaka mwambiwe karibu. Chakula kikija, nawaeni mikono, kisha kuleni kwa mkono wa kulia. Na msinuse chakula! Mwenyeji atadhani mnamshuku."

"Lakini sisi hunusa kila kitu," akasema Bibi Hilda.

"Nuseni maua, bibi. Maua hayana mwenyewe."

"Na kulala je? Tutalala wapi?"

"Kwangu, pale mwambani. Chumba cha katikati kina..."

"Wageni wangu hao!"

Sauti ilitikisa vifuu vya madafu. Alikuwa Mwinyi Simba, tajiri wa mji, na nyuma yake Fisi, mpishi wake, akicheka bila sababu.

"We Pimbi, utawalaza wageni wa heshima kwenye nyufa za mawe?" Simba akasema. "Unatuaibisha! Kwangu kuna baraza, kuna vitanda vya samadari, na mpishi huyu hapa."

Kondoo wakautazama mwamba, wakaitazama nyumba ya Simba. Wakaenda kwa Simba. Ilimuuma Somoe, sina haja ya kuwaficha. Lakini walimwomba awe anawatembeza, naye akakubali, maana mgeni akikosea chumba si sababu ya kumnyima maporomoko.

Basi kila asubuhi Somoe aliwachukua. Aliwaonyesha Maporomoko ya Ngurumo, ambako maji huanguka mpaka yanageuka moshi. Aliwapeleka kwenye chemchemi ya Kitokota, wakatumbukiza mihogo ndani ya maji yanayochemka yenyewe, wakala pamoja na nazi.

"Bila moto?" Bwana Guntari alishangaa.

"Moto wetu uko chini ya ardhi," Somoe akajibu, kidevu juu. "Hatuupulizi."

Siku ya tatu, saa sita mchana, mji mzima umesinzia, Somoe akaenda kwa Simba kurudisha mwavuli ambao Bibi Hilda aliusahau asubuhi. Alipopita chini ya dirisha la jiko akasikia, kwaruu, kwaruu, kisu kinanolewa juu ya jiwe.

"Bwana, wamenenepa," ilikuwa sauti ya Fisi. "Si leo tu?"

"Mpumbavu we!" Simba akanong'ona. "Ndani ya nyumba yangu hao ni wageni. Anayemla mgeni wake haitikiwi hodi tena maisha yake yote. Harusini haalikwi, msibani hapikiwi. Lakini kesho wanaaga. Mtu akishaaga si mgeni tena, ni mpita njia. Tutawasindikiza kidogo, na kule kwenye msitu..."

"Hi hi hi hiii!"

Somoe akarudi nyuma kwa kunyata, mwavuli bado mkononi. Wazo la kwanza likawa, wakimbie! Lakini wakimbie vipi, na manyoya yale? Hata konokono angewapita.

Halafu hasira zikampanda. Wageni waliwe Mito Kumi? Huko kwenye theluji nchi yake iitwe nini, nchi ya walaji wageni? "Haiwezekani," akajiambia. "Mimi mzima, haiwezekani!"

Jioni akawapeleka kondoo sokoni, na katikati ya kelele za soko akawaeleza yote. Bibi Hilda akaachama atoe "mee" ya kufa.

"Nyamaza, bibi! Sikilizeni. Simba anasema ugeni unaishia mlangoni. Anajisemea tu! Huku kwetu mwenyeji humsindikiza mgeni, humbebea mzigo, na mzigo huo hauwekwi chini njiani. Wala harudi mpaka mgeni mwenyewe amwambie, 'Rudi sasa, umefika mbali.' Kabla hajasema hivyo, bado ni mgeni wake. Basi msiseme!"

"Hata tukimwonea huruma?" Bibi Hilda akauliza.

"Hasa mkimwonea huruma. Na sasa tununue kinu."

"Kinu? Sisi hatutwangi."

"Mtajifunza. Kile pale, cha mninga. Kizito ndicho kizuri."

Kesho yake, alfajiri imekwisha na jua linachomoza, Somoe akasimama mlangoni kwa Simba.

"Hodi! Hodi!"

"Karibu, karibu ndani," Simba akaitikia. Alikuwa na furaha siku hiyo, mate yalikuwa yanamtoka.

Somoe hakuja peke yake. Nyuma yake walikuja Nguruwe na wanawe, Bata na shoga zake, mtaa mzima. "Njooni mwone!" akapaza sauti. "Leo Mwinyi Simba anawasindikiza wageni wake! Huyu ndiye mwenyeji! Mngedhani tajiri atatuma mtumishi? Thubutu! Anabeba mwenyewe!"

"Hongera, Mwinyi!" watu wakashangilia. "Eleleleleee!"

Simba kifua kikamjaa. Akabandikwa kinu kichwani, sanduku mgongoni, na kikapu cha ndizi na asali akakiuma kwa meno. Fisi naye akapewa sanduku la pili, na furushi la mihogo mdomoni.

Wakaondoka. Walipofika kwa Nyumbu, Simba akageuka, akasema kwa mdomo uliojaa, "Mm-hm-mm?"

"Anauliza kama mmechoka," Somoe akawatafsiria kondoo.

"Hatujachoka, mwenyeji wetu," Bwana Guntari akajibu. "Twende pamoja."

Nyumbu na mkewe wakatoka nje, wakasifu, wakawafuata mpaka kwa Ngiri. Ngiri akawafuata mpaka kwa Twiga. Hata dakika moja Simba hakubaki peke yake na kondoo. Na Somoe mbele, mkono juu.

"Kushoto kwenu, mashamba ya mpunga. Simameni mnuse! Haya, kulia, ziwa la chumvi. Weupe ule si theluji, Bwana Guntari, ni chumvi ya mboga yetu. Pale juu, mlima ambapo mawingu hupumzika kila alasiri."

"Jamani, kuzuri!" Bibi Hilda akasema, na alimaanisha.

Jasho la Simba likatiririka, tiriri, tiriri. Kinu kikamgonga, ko, ko, ko. Asali ikanukia puani mwake na hakuweza hata kuilamba.

Alasiri wakaingia msituni. Wenyeji wa njiani walikuwa wamerudi makwao. Kimya. Si mlango, si moshi wa jiko.

Simba akasimama. Taratibu akakiweka kikapu chini, akajifanya anachechemea.

"Wageni wangu," akasema kwa sauti laini, "shingo yangu inauma. Mimi si kijana. Semeni tu lile neno, niwaache mwende zenu kwa amani."

Bibi Hilda akamtazama. Kwao mtu akibebewa mzigo hatua tano husema ahsante mara kumi, na yeye hakuwa amesema hata moja tangu asubuhi. Moyo ukamlainika.

"Masikini, anachechemea! Mwinyi Simba, umetutendea mema. Ru..."

Chap! Somoe alimng'ata sikio. Bibi Hilda akalimeza neno lote.

"Eeeh!" Somoe akapiga kelele mpaka majani yakatikisika. "Mzigo wa mgeni chini? Hondohondo! Upo?"

"Nipo!" ndege yule mwenye mdomo mkubwa akajibu kutoka juu ya mti.

"Unaona nini?"

"Naona kikapu! Kikapu kiko chini! Kwaa! Kwaa!"

"Kwaa! Kwaa!" wakadakia Hondohondo wengine, mti baada ya mti, na Simba akajua kwamba kabla ya jua kutua habari itafika mjini. Akaona milango yote ikifungwa usoni mwake. Akainama, akakiuma tena kikapu. Fisi akalia machozi, yakalowesha furushi.

Wakatoka msituni, wakafika Mto wa Kumi, mpaka wa nchi. Juu ya mto palikuwa na daraja la kamba, na walinzi wake walikuwa nyani.

"Kondoo wapite," wakasema nyani. "Mizigo tutaivusha sisi. Simba asikanyage, daraja litakatika."

Kondoo wakavuka, yo, yo, yo, macho wamefumba. Kinu kikavuka. Na walipokanyaga ng'ambo salama, Bibi Hilda akageuka, machozi yanamlengalenga kwa kushukuru, akapaza sauti yake yote.

"Rudi sasa, Mwinyi Simba! Umefika mbali!"

"Eleleleleee!" nyani wakashangilia.

Somoe akasimama akiwatazama wakipotea kilimani. Moyo wake ulijaa. Watafika kwao, watasimulia chemchemi, chumvi na mlima, na wataongeza kwamba Mito Kumi mgeni hupelekwa mpaka mpakani. Hakutaka zaidi.

Ndipo akasikia pumzi ya moto kisogoni.

"Pimbi," Simba akasema polepole, mdomo wake sasa uko wazi na mtupu. "Umenitenda."

"Mimi? Njia nzima nimekusifu tu."

"Ukarimu wangu umekwisha. Wageni wameniaga. Nina njaa tangu jana, na wewe ni mdogo, lakini si haba."

"Hi hi hi!" Fisi akacheka, mara ya kwanza tangu asubuhi.

Somoe akaupangusa mwavuli wake vumbi. Ulikuwa ule wa Bibi Hilda, aliompa zawadi.

"Mwinyi, asubuhi nilipiga hodi kwako?"

"Ulipiga."

"Ukasema nini?"

 

"Alisema karibu!" wakadakia nyani kutoka darajani. "Mji mzima umesikia, habari imetufikia!"

"Basi mimi pia ni mgeni wako," akasema Somoe, "na sijakuambia rudi. Nisindikize nyumbani. Mzigo wangu ni mwavuli huu. Usiuweke chini."

Wanangu, njia ile ilikuwa ndefu! Simba ameuma mwavuli, Fisi anaburura miguu nyuma, na katikati Somoe anatembea kwa madaha, na kila mlango watu wanamwamkia Simba, "Shikamoo, Mwinyi! Umerudi? Na bado unasindikiza? Kweli wewe mwenyeji!"

Walipofika mwambani, Somoe akaingia kwenye upenyo wa chumba chake cha katikati, ambamo hata ukucha wa simba haupiti. Akautoa mkono, akapokea mwavuli.

"Rudi sasa, Mwinyi Simba," akasema. "Umefika mbali."

Mwaka uliofuata walikuja kondoo arobaini. Wote walitaka kulala mwambani kwa Bi Somoe, na wote walimtaka yule simba hodari wa kubeba mizigo.

Funzo lake ni hili, wanangu: mwenye nguvu hutisha akiwa peke yake, lakini desturi njema ikishikwa na wengi humbebesha hata yeye.